Miji ya Makimbilio na Watoro wa Rabai

Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imenitaka niandike habari za kale, nami sikuweza kukataa, maana mwalimu mstaafu akiombwa kusema hupata nguvu mpya. Mwaka huu nimechagua habari ya mahali pa kukimbilia. Sote tulioko katika miji hii miwili, Minneapolis na Saint Paul, tulifika hapa tukitafuta mlango uliofunguka. Tena ninayo sababu nyingine, ya nyumbani kwetu hasa, nayo nitaieleza mbele.

Tuanze na Nabii Musa. Chuoni, tulipokuwa wadogo, maalimu alitusomesha kisa chake katika Surat al-Qasas. Alimpiga mtu ngumi moja akimtetea mwenzake, na yule mtu akafa, ingawa Musa hakukusudia kuua. Akatoka mjini kwa hofu hadi Madyana. Huko aliwanyweshea mifugo wasichana wawili, na baba yao mzee akamtuliza moyo, akampa kazi ya kuchunga na binti wa kuoa. Baadaye, nilipokuwa sekondari, nilisoma Taurati pamoja na wenzangu Wakristo, nikakuta jambo ambalo chuoni hatukufika: mtu huyu huyu aliyekimbia kwa sababu ya damu ndiye aliyewapa Wana wa Israeli sheria ya miji ya makimbilio.

Sheria yenyewe imo katika Hesabu 35, Kumbukumbu la Torati 19 na Yoshua 20. Zama hizo hapakuwa na polisi. Mtu akiuawa, jamaa yake wa karibu ndiye aliyekuwa na haki ya kulipiza kisasi cha damu, hata kama kilichoua ni shoka lililochomoka mpinini. Sheria haikuifuta haki hiyo, bali iliiwekea mpaka. Katika miji 48 waliyopewa Walawi, sita ilitengwa iwe ya makimbilio: Kedeshi, Shekemu na Hebroni upande wa magharibi wa mto Yordani, Bezeri, Ramothi na Golani upande wa mashariki. Njia ilipasa kutengenezwa, ili mkimbizi asikamatwe kabla ya kufika.

Aliyefika alisimama langoni, akawaeleza wazee wa mji shauri lake, nao wakampa mahali pa kukaa. Mwenye kisasi akija nyuma yake, wazee hawakuruhusiwa kumtoa kabla ya hukumu. Aliyeua kwa makusudi alitolewa, hata kama ameishika madhabahu. Asiyekusudia alikaa humo mpaka kuhani mkuu afe, ndipo akarudi kwao. Fidia haikukubaliwa, tajiri asije akanunua ruhusa ambayo maskini hana. Tena sheria ilikuwa moja kwa mwenyeji na kwa mgeni.

Ipo na sheria nyingine, fupi zaidi, katika Kumbukumbu la Torati 23. Mtumwa aliyemkimbia bwana wake asirudishwe. Akae mahali atakapochagua mwenyewe, wala asionewe. Ili tujue uzito wake, tukumbuke kwamba Hammurabi, mfalme wa Babeli miaka mingi kabla ya hapo, aliandika kwamba mwenye kumficha mtumwa aliyetoroka auawe.

Sasa tuje kwetu pwani, kwa sababu jambo hili lilitufikia na sisi.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini. Mwaka 1875 wamisionari wa Kiingereza walianzisha Freretown, bara upande wa kaskazini wa kisiwa cha Mombasa, iwe makao ya watu waliokombolewa majahazini. Wengi wetu tumepita pale Kengeleni bila kuuliza kengele ile iliwekewa nani. Lakini utumwa wenyewe, wa mashambani na majumbani, ulikuwa bado ni halali. Basi watumwa wa mashamba wakaanza kukimbia. Wengine walikwenda Fuladoyo, katika nchi ya Wagiriama. Wengine walipanda vilima vya Rabai, mahali ambapo Krapf na Rebmann walianzisha misheni mwaka 1846.

Watu hao waliitwa watoro. Mimi neno hilo nimeliandika mara nyingi sana katika daftari la mahudhurio, kwa mtoto aliyekwenda kuogelea badala ya kuja darasani. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba ni neno la mwenye mali. Anayekimbia mwenyewe hasemi kwamba anatoroka, husema anajiokoa.

Huko Rabai alikuwapo William Jones, Mwafrika aliyetiwa utumwani tangu utotoni, akakombolewa na kusomeshwa Bara Hindi. Chini ya uangalizi wake watoro waliongezeka mwaka hadi mwaka. Serikali ya Kiingereza ilikuwa imewaonya wamisionari wasiwapokee, na mwaka 1880 wenye watumwa wa Mombasa walitishia kuishambulia Freretown kwa ajili yao. Mambo yalifika ukingoni mwaka 1888, ilipoingia Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki. Mabwana walidai watu wao, na kwa sheria ya wakati ule madai yao yalikuwa na nguvu. Mkuu wa Kampuni, George Mackenzie, alipotaka hesabu, ilionekana kwamba watoro walioko katika vituo vya misheni walipita 1,400.

Hawakurudishwa. Wala mabwana hawakuambiwa waende zao mikono mitupu. Mackenzie aliafikiana nao walipwe riale 25 kwa kila mtu, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Hivyo damu haikumwagika, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini mwenye kuisoma Taurati ataona tofauti. Kule mkimbizi alikaa kwa haki yake mwenyewe. Huku alikaa kwa kuwa bwana wake ameridhishwa. Na katika fedha zote zile, aliyelima bila ujira miaka kumi au ishirini hakulipwa hata senti. Utumwa wa pwani yetu haukuondolewa nguvu za kisheria mpaka mwaka 1907.

Hapa ndipo penye habari ya nyumbani kwetu. Babu yake baba yangu alikuwa miongoni mwa waliolipwa. Alipokea riale hamsini kwa watu wawili, na utotoni mwangu nyumbani bado tulisikia habari za "fedha za Rabai", kama mtu asemavyo fedha za karafuu. Tulihadithiwa minazi iliyonunuliwa kwa fedha zile. Hata jina la punda wake nalijua. Majina ya wale watu wawili siyajui, wala sikumkuta mzee aliyeyajua.

Miaka kadhaa iliyopita, katika arusi ya vijana wetu huko Saint Paul, nilikaa meza moja na mzee mwenzangu ambaye asili yao ni Rabai. Tulikunywa kahawa, mazungumzo yakafika huko. Akaniambia, "Mwalimu, sisi tuliambiwa kwamba babu yetu alinunuliwa uhuru na Wazungu. Hakuna aliyetuambia kwamba kabla ya hapo alitembea usiku kucha kwa miguu yake." Nilinyamaza kidogo, kisha nikamweleza habari ya riale hamsini. Aliniangalia, akaniongezea kahawa kikombeni, akasema, "Basi sisi ni jamaa wa zamani." Sikujua kama ni mzaha au la, na mpaka leo sijamwuliza.

Hata hapa tunapoishi habari hii ina alama zake. Karibu na uwanja wa ndege tulioshukia wengi wetu ipo ngome ya Fort Snelling. Humo, katika miaka ya 1830, aliishi Dred Scott, mtumwa wa daktari wa jeshi, na humo alimwoa Harriet Robinson, ingawa nchi hii ilikuwa imekatazwa utumwa. Walipodai uhuru wao kwa hoja hiyo, Mahakama Kuu ya Marekani iliwakatalia mwaka 1857. Miaka mitatu baadaye, Agosti 1860, alifika Eliza Winston, mtumwa aliyeletwa na mabwana zake kutoka Mississippi kuja kupunga upepo wa kiangazi kwenye Ziwa Harriet. Alisaidiwa na Emily Grey, mwanamke mweusi aliye huru, na wenzake. Eliza akasimama mbele ya hakimu wa Minneapolis, naye akamwambia yu huru. Usiku uleule kundi la watu liliivamia nyumba walimodhani amelala, kwa hasira, maana wageni wa Kusini walileta fedha nyingi mjini. Ikabidi aondolewe kwa siri.

Nimeyapanga mambo haya matatu pamoja kwa sababu yananifunza jambo moja. Mahali pa makimbilio hapajulikani siku mkimbizi anapoingia, kwani siku hiyo huruma ni nyepesi. Hujulikana siku ya pili, anapobisha hodi yule anayemfuatia, ameshika hati yake mkononi na ana haki yake ya kusema. Taurati iliandika jibu mapema, kabla mtu hajabisha. Rabai walilipata kwa riale. Minneapolis hakimu alilitamka, na mji nusu yake ukachukia.

Nasi je? Wapo katika jamaa zetu waliopokewa hapa kwa moyo mweupe, na wapo waliokaa miaka wakingoja karatasi. Kesho atakuja mwingine kubisha, na nyuma yake atakuja mwenye kumdai. Wazee wa Hebroni waliamrishwa wamsikilize kwanza langoni, kisha wampe mahali. Sioni kwamba sisi tumepewa amri iliyo ndogo kuliko hiyo.

Na kwa wenye asili ya Rabai, Freretown na Fuladoyo walio katika kitabu hiki, nina ombi. Kama kwenu yamehifadhiwa majina ya watu wawili waliotoka shamba moja la Mombasa wakapanda vilima kabla ya mwaka 1889, niandikieni kwa anwani ya kamati. Ningependa wajukuu zangu wayajue majina hayo, kama wanavyolijua la punda.

Wabillahi taufiq.