Msomaji wa Kwanza wa Hadithi za Watoto

Mwandishi wa riwaya za watoto katika nchi zetu amezoea kuwa na msomaji wa kwanza ambaye si mtoto, wala si mwandishi mwenziwe. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyoanza kazi Januari 1930 ikiwa na Frederick Johnson kama katibu, ilipewa jukumu la kuipitia miswada ya vitabu vya shule na kuiidhinisha ile iliyofuata Kiswahili sanifu, nacho kilijengwa juu ya lahaja ya Kiunguja. Wajumbe wa miaka ile ya mwanzo walikuwa Wazungu. Waliangalia tahajia, sarufi na msamiati. Iwapo mtoto angechoshwa na hadithi kufikia ukurasa wa tatu, hilo halikuwa swali la kamati.

Siidharau kazi ile, kwani bila tahajia moja tusingekuwa na soko moja la vitabu. Lakini ilituachia mazoea mabaya: uhakiki ukaeleweka kuwa ni ukaguzi. Mswada huenda ofisini, hukumu hurudi, na mwandishi haonani kamwe na aliyemsoma. Tanzania iliyarudia mazoea hayo mwaka 1999 ilipounda kamati ya kuidhinisha vitabu vya shule, EMAC, ambayo ilivunjwa mwaka 2013 baada ya makosa yaliyomo katika vitabu ilivyovipitisha kuzua mjadala mkali bungeni. Muhuri haukuwa umezuia hata yale makosa uliowekwa kuyazuia.

Njia nyingine ilikuwapo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, uliwaita waandishi, wachoraji na wahariri katika warsha. Wachapishaji waliochapa nakala 5,000 za kitabu kilichokubaliwa walinunuliwa 3,000, zikapelekwa shuleni. Wengi hukumbuka ununuzi huo. Mimi naona kuketi pamoja kulikuwa na thamani zaidi.

Niliwahi kuhudhuria warsha ya namna hiyo, si ya mradi huo. Mwandishi alisoma sura yake ya kwanza, kisha akatakiwa anyamaze wenzake waseme. Robo saa nzima tulizungumzia upatanisho wa kisarufi. Wasomi tulirithi kalamu ya kamati. Ndipo mwalimu mmoja wa shule ya msingi akauliza: yule mbuzi aliyepotea mwanzoni alikwenda wapi? Mwandishi alikuwa amemsahau, kwa kuwa ukurasa wa pili aliugeuza kuwa mawaidha juu ya utiifu. Hakuna hata mmoja wetu, na digrii zetu, aliyemkumbuka mbuzi. Mtoto angemkumbuka.

Swali lile lingemwokoa mchapishaji hasara na msomaji uchovu, nalo halikuhitaji muhuri. Lilihitaji chumba, chakula cha mchana, nauli ya mwalimu na siku tatu. Kamati ya 1930 ilihudumia serikali nne za kikoloni, nazo ndizo zilizoigharimia: Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Warsha za miaka ya tisini ziligharimiwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili wa nje, kwa hiyo muda wake umekuwa ukipangwa na wao. Wizara inayopata fedha za kuajiri wakaguzi wa vitabu ingeweza kumtafutia nauli mwalimu yule.