Baada ya kutoroka: ushauri nasaha wa mabinti wa Tarime na Serengeti

Nyumba Salama ya Mugumu, wilayani Serengeti, mkoani Mara, ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara. Desemba ya mwaka huohuo, msimu wa ukeketaji ulipowadia, wasichana zaidi ya 100 walikimbilia hapo. Wapo waliotembea usiku, wapo walioletwa na polisi. Kisu walikuwa wamekikwepa. Lakini kila mmoja alikuwa ameitoroka familia yake, na jeraha hilo halitibiki kwa godoro na uji.

Habari za nyumba hizi huandikwa zaidi kama habari za kutoroka. Naona tunairuka sehemu iliyo ndefu kuliko zote: miezi, pengine miaka, ya kukaa na binti anayelia bila kusema sababu, anayeshtuka mlango ukigongwa, anayejilaumu kwa kuwa baba yake yuko mahabusu.

Uzito wa jambo hili hauonekani mpaka tukumbuke anachokiacha. Kwa Wakuria wa Tarime na Serengeti, esaaro, yaani tohara, ilikuwa zaidi ya kisu. Ilikuwa zawadi, nguo mpya, ngoma, shangwe za ukoo, na wenzake wa rika watakaomtambua maisha yake yote. Wazee wa inchama, baraza la kimila, ndio waliotangaza msimu, mara nyingi katika miaka inayogawanyika kwa mbili, shule zikiwa zimefungwa. Binti aliyekeketwa alifundwa na wanawake wakubwa kuhusu ndoa, heshima na kazi za nyumbani. Huo ndio uliokuwa ushauri wa vijana wa zama hizo, na msichana aliulipia kwa damu. Asiyekeketwa aliitwa omosagane, tusi lililomfuata kisimani, sokoni, hata kwa mume. Baba naye alikuwa na hesabu zake za ng'ombe wa mahari. Kwa hiyo anayekimbia hukimbia na msiba: amewapoteza watu waliokuwa wamshangilie.

Kituo cha Masanga, Tarime, kilichoanza kazi chini ya Kanisa Katoliki mwishoni mwa miaka ya 2000, kiliuona msiba huo mapema. Hakikuishia kuwaficha wasichana. Kiliwaandalia kambi ya msimu yenye mafunzo ya mwili na haki zao, nyimbo na michezo, kisha mahafali ambayo wazazi hualikwa kuja kushangilia. Binti akapewa sherehe ya kuvuka utotoni bila kuguswa na wembe wa ngariba. Kwa maoni yangu, katika historia yote hii hakuna wazo lililokuwa na busara kuliko hilo, kwa sababu lilimrudishia msichana kitu alichokuwa anakililia.

Ushauri nasaha wa kitaalamu, kwa upande wake, ulikua nchini kwa njia ambazo hazikuwalenga mabinti hawa. Mwaka 1984 Wizara ya Elimu iliagiza huduma hiyo iwepo shuleni, mkazo ukiwa kumsaidia mwanafunzi kuchagua masomo na kazi. Kisha ukaja ukimwi. Wagonjwa wa kwanza walitangazwa mwaka 1983 mkoani Kagera, ng'ambo ya Ziwa Victoria ukitokea Mara, na mwaka 1989 Theresa Kaijage na wenzake wakaanzisha shirika la WAMATA jijini Dar es Salaam, kuwa karibu na wagonjwa na familia zao. Vituo vya Angaza, vya ushauri nasaha na upimaji wa VVU kwa hiari, vilipofunguliwa kuanzia mwaka 2001, Watanzania wengi walizidi kuzoea kwamba yupo mtu ambaye kazi yake ni kukusikiliza faraghani bila kukuhukumu.

Sheria nayo ilikuwepo. Tangu mwaka 1998, Sheria ya Makosa ya Kujamiiana inampa mlezi anayemkeketa binti wa chini ya miaka 18 kifungo cha miaka 5 hadi 15. Hata hivyo, utafiti wa taifa wa afya wa 2015-16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 10. Na kwa msichana aliye Mugumu, sheria ina sura ya baba yake. Akisema, baba atafungwa. Akinyamaza, mdogo wake ndiye atakayefuata. Mzigo huo ni mzito hata kwa mtu mzima.

Rhobi Samwelly, aliyeianzisha nyumba ya Mugumu, amesimulia hadharani kwamba alikeketwa akiwa na miaka 13, rafiki yake akiwa amekwisha kufa kwa kutokwa damu, na yeye mwenyewe nusura afe. Mwaka 2017 alianzisha shirika la Hope for Girls and Women in Tanzania, ambalo baadaye lilifungua nyumba nyingine Kiabakari, Butiama. Msimu ukiisha, wazazi huitwa wakae na binti yao mbele ya afisa ustawi wa jamii, polisi na viongozi wa kijiji, na kutia saini kwamba hawatamkeketa. Wapo wanaorudi nyumbani na kufuatiliwa. Wapo ambao wazazi wao hukataa katakata. Hao hubaki, wakasomeshwa shule au kufundishwa ushonaji na fani nyingine.

Waliopokelewa mwaka 2014 sasa ni watu wazima, na wapo wenzao waliofika vyuoni. Huko shida hubadilika sura. Fomu ya kujiunga inamdai binti saini ya mzazi au mlezi. Likizo ya Desemba inakaribia, wenzake wanafunga mizigo, yeye hali wala halali. Amepata mchumba, mchumba anauliza barua ya posa ipelekwe kwa nani. Mshauri wa wanafunzi asiyeijua Mara ataona sonona, au ugomvi wa mapenzi, na atayatibu hayo tu. Tarime kuna Chuo cha Ualimu. Mugumu kuna chuo cha afya cha Kisare. Walezi wa Masanga na Mugumu hawako mbali na vyuo hivyo, na wamekwisha kuwasikiliza mabinti wa aina hii misimu mingi. Waitwe vyuoni, walipwe kwa ujuzi wao, na waanze mwezi Oktoba, kabla watu hawajaanza kuulizana nani anakwenda wapi.