Reli na Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Ewe msomaji, ikiwa umepata kupita barabara ya Landhies, kutoka katikati ya Nairobi kwenda Shauri Moyo, umepita penye kiungo kimojawapo cha Dola ya Waingereza. Dola ile haikushikamanishwa kwa bunduki peke yake. Ilishikamanishwa kwa merikebu za moshi, kwa Mfereji wa Suez uliofunguliwa mwaka 1869, na kwa waya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Waya iliyotoka Aden ilifika Unguja mwaka 1879, ikaungwa na Mombasa mwaka 1890.

Kisha ikaja reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Waingereza walitaka kuishika Uganda na chemchemi za Naili; Naili ni uhai wa Misri, na Misri ndiyo mlango wa Suez, njia ya kwendea Bara Hindi. Tazama basi jinsi shauri la Bara Hindi lilivyokata nchi ya Wakamba na Wamasai! Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kufanya kazi, na karibu 2,500 wakafa. Simba wa Tsavo wametungiwa vitabu, lakini walioua wengi zaidi ni maradhi. Mei 1899 reli ilifika mahali Wamasai walipopaita kwa maji yake baridi, na kambi ya vyuma na mataruma ikageuka mji. Desemba 1901 ilifika ziwani, Kisumu.

Reli haiendi bila watu. Wachukuzi, mafundi na watia kuni walijengewa Muthurwa, na baadaye Makongeni. Mwafrika alihesabiwa kuwa mgeni wa mjini, aje kazini peke yake na kumwacha mkewe shambani. Kwa hiyo alipewa nafasi ya kulala tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo dola ilipokosea hesabu, kwani watu wa Nyanza, wa Ukambani na wa Pwani waliwekwa ukuta kwa ukuta, wakaelewana kwa Kiswahili.

Tarehe 23 Aprili 1950, huko Kaloleni, Makhan Singh, mzaliwa wa Punjab aliyehamia Nairobi mwaka 1927, alidai mbele ya mkutano uhuru wa Afrika Mashariki. Tarehe 15 Mei yeye na Fred Kubai walikamatwa. Kesho yake wafanya kazi wakagoma, nao mgomo ukadumu siku tisa. Makhan Singh alipelekwa kaskazini kabisa, Lokitaung, ambako reli haikufika, wala hakuachiwa huru hadi mwaka 1961.