È libero? Una nafasi tuongee?

Nimeadimika kidogo, testi zilinibana kweli kweli. Leo nina stori.

Kuna mhadhiri mmoja mgeni hapa chuoni, mzee wa Kitaliano. Nilitaka anipitie pendekezo langu la utafiti kabla sijalikabidhi. Ili nimfurahishe nikakariri Kitaliano cha kumwomba nafasi, nikabisha hodi na kumtupia: "Sei libero?" Yaani, una nafasi? Mzee akacheka sana. Kumbe hiyo unamwambia rafiki au mdogo wako! Mtu wa heshima anaulizwa "È libero?" Aibu niliyoipata jamani...

Sasa mimi na historia hatuachani, nikaenda kuchimba. Hiyo "è" inakwenda na Lei, neno ambalo pia ni "yeye" wa kike. Ilianza zama za mabwana wakubwa, karne ya 15 na 16, mtu akiitwa "Vostra Signoria", na jina hilo kwao ni la kike hata kama bwana ana ndevu hadi kifuani. Ni kama sisi tunavyosema "Mheshimiwa ana nafasi?" huku Mheshimiwa mwenyewe tumesimama mbele yake. Njia nyingine ya heshima ilikuwa Voi, yaani "ninyi": "Siete libero?"

Mwaka 1938 serikali ya Mussolini ikaingilia hadi hapo. Ikasema Lei ni ya kigeni, imeletwa na Wahispania, tena ya kitumwa. Watumishi wa umma na wanachama wa chama chake watumie Voi. Kuna gazeti la akina mama lililoitwa Lei, nalo likabadilishwa jina likawa Annabella. Hapo nilicheka peke yangu maktaba, maana Lei ya gazeti ilikuwa ile ya "yeye mwanamke" tu, haikuwa na kosa lolote! Mwaka 1939 wakafanya hadi maonyesho Torino ya kuikejeli Lei.

Nilipomrudia mzee na hayo, hakucheka tena. Akaniambia baba yake alikuwa karani wa serikali. Ofisini, kumuuliza mwenzako kama ana nafasi ya kuongea, ilibidi useme "Siete libero?", na ukiteleza ukasema "È libero?" watu wanageuza shingo. Nyumbani, mlango ukishafungwa, majirani walirudi kwenye Lei yao, kwa sauti ya chini. Mussolini aliangushwa Julai 1943 na Lei ikarudi hadharani. Voi haikufa lakini, kule kusini, upande wa Napoli, wazee bado wanayo, maana ilikuwa yao hata kabla ya huyo bwana.

Nikajikaza, nikauliza tena: "Professore, è libero?" Akatazama saa, akavuta kiti. Pendekezo langu limerudi na wino mwekundu kila ukurasa, Alhamisi saa nne naenda tena kwake.