Paneli tulinunua, sayansi tukaachia Sweden

Watu wa Samia, hebu tuongee kidogo. Namboboto hapa, boma likikosa stima ya waya utaona kipaneli juu ya mabati. Kinachaji simu, kinaendesha redio, koroboi imestaafu. Lakini uliza ni Mkenya gani amesomea hicho kitu mpaka akawa profesa. Kimya.

Wapo. Shida ni kwamba hapa kwetu duka lilitangulia maabara.

Mwaka 1984 Wamarekani wawili, Harold Burris na Mark Hankins, waliweka sola katika shule ya sekondari ya Karamugi, upande wa Meru, badala ya jenereta. Walimu wakaona, wakataka za kwao nyumbani, mafundi wakajifunza kazi. Kufikia miaka ya 1990 maduka yalikuwa na vipaneli vidogo vya bei nafuu, vile vya utando mwembamba wa silikoni juu ya kioo. Aina hiyo ina tabia ambayo muuzaji hakuambii: ikipigwa na jua wiki na miezi ya kwanza, nguvu yake inashuka, halafu inatulia. Staebler na Wronski walilieleza jambo hilo mwaka 1977! Kwa hivyo wati za kuandikwa nyuma ya paneli ni zile zinazobaki baada ya kushuka. Arne Jacobson na Daniel Kammen walipopima paneli zilizouzwa Kenya, walikuta chapa fulani zinatoa nguvu kidogo sana kuliko iliyoandikwa. Mzee ameuza mbuzi akanunua. Angejuaje?

Kujua ni kazi ya watu kama Bernard Aduda, Julius Mwabora na Justus Simiyu, wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Wao wameshughulikia seli za aina nyingine, zile za O'Regan na Grätzel za 1991. Unga wa titani dioksidi (ndio huo unaofanya rangi ya ukuta iwe nyeupe) unapakwa juu ya kioo, kisha unatiwa rangi ya kunasa mwanga, hata rangi ya mimea. Na titani ndiyo hiyo tuliyochimba Kwale mpaka 2024, tukaipakia melini ikiwa mchanga.

Nani ameshika mkono utafiti huu miaka yote? Sweden, kupitia Chuo Kikuu cha Uppsala, ambacho mpango wake wa kusaidia sayansi ulianza 1961. Nashukuru, lakini naona aibu pia.

Serikali ilitunga kanuni za sola 2012, fundi awe na leseni. Sawa, ila leseni haipimi paneli. Na kijana wa hapa aliyepata A ya fizikia bado anaulizwa, "Hiyo itakupa kazi gani?"

Kaunti ya Busia ianze kidogo: meza moja sokoni, mita, jua la saa sita, na mwanafunzi wa fizikia anayelipwa kupima paneli kabla mama hajatoa pesa.