Bei ya hewa ya ukaa: Nani alipe, na fedha ziende wapi?

Na Mwandishi Wetu

MOSHI unaotoka katika bomba la kiwanda haumpunguzii mwenye kiwanda hata senti moja. Hasara yake huwaangukia wengine: mkulima aliyesubiri mvua isinyeshe, au mkazi wa bondeni ambaye nyumba yake imechukuliwa na mafuriko. Pengo hilo kati ya anayechafua na anayelipa ndilo ambalo serikali nyingi duniani zimejaribu kuliziba kwa kuipangia bei hewa ya ukaa, ambayo ndiyo gesi inayochangia zaidi ongezeko la joto duniani.

Wazo lenyewe si geni. Mchumi wa Uingereza, Arthur Pigou, katika kitabu chake cha mwaka 1920, alitetea matumizi ya kodi pale shughuli ya mtu mmoja inapowatia wengine hasara asiyoilipia. Mwaka 1968, John Dales wa Kanada alipendekeza njia nyingine: serikali iweke kikomo cha uchafuzi, kisha itoe vibali ambavyo wenye viwanda wanaweza kuuziana.

Hadi leo, njia kuu ni hizo mbili. Katika kodi ya kaboni, serikali hupanga bei ya kila tani na kuwaachia wananchi na viwanda waamue watapunguza kiasi gani. Katika soko la vibali, serikali hupanga idadi ya tani zinazoruhusiwa, na bei hupatikana sokoni. Kwa maneno mengine, ya kwanza hutoa uhakika wa bei. Ya pili hutoa uhakika wa kiasi. Hakuna inayotoa yote mawili kwa pamoja.

Ili msomaji apate picha, lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Bei ikiwa dola 20 za Marekani kwa tani, lita hiyo itapanda kwa senti tano hivi za dola. Kwa mwenye gari la kifahari, hicho ni kiasi kidogo. Kwa abiria wa daladala anayepanda magari mawili kwenda kazini na mawili kurudi, nyongeza ya nauli si jambo la kupuuza.

Finland ilikuwa nchi ya kwanza kuanzisha kodi ya kaboni, mwaka 1990, na Sweden ikafuata mwaka 1991. Sweden ilianza na kroni 250 kwa tani, ikapandisha kiwango hicho hatua kwa hatua hadi kikapita kroni 1,300. Lakini katika mageuzi hayo hayo ya mwaka 1991, serikali ilipunguza kodi ya mapato. Mitambo mingi ya kupasha joto majumbani iliacha mafuta na kutumia mabaki ya mbao, na kati ya mwaka 1990 na 2019 uchafuzi wa nchi hiyo ulipungua kwa zaidi ya robo huku uchumi ukikua.

Umoja wa Ulaya ulichagua vibali, na soko lake likafunguliwa mwaka 2005. Mwanzoni vibali vingi vilitolewa bure na kwa wingi kupita kiasi. Msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 ulipopunguza uzalishaji viwandani, vibali vikafurika sokoni na bei ikaporomoka hadi chini ya euro tano mwaka 2013. Baada ya vibali vya ziada kuanza kuondolewa sokoni, bei ilipanda na kugusa euro 100 mwezi Februari 2023. Mwaka huo, uchafuzi wa mitambo ya umeme na viwanda vilivyomo katika mpango huo ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 47 ukilinganishwa na mwaka 2005.

Hata hivyo, sera iliyo sahihi kwenye karatasi yaweza kuanguka barabarani. Ufaransa ililazimika kufuta nyongeza ya kodi ya mafuta mwezi Desemba 2018, baada ya maandamano ya watu waliovaa vizibao vya njano, wengi wao wakazi wa nje ya miji wasio na usafiri mbadala. Australia ilianzisha bei ya kaboni mwaka 2012 na kuifuta mwaka 2014.

Kanada nayo iliondoa tozo ya kaboni kwa watumiaji wa kawaida tarehe 1 Aprili 2025, ingawa viwanda vikubwa viliendelea kutozwa. Sehemu kubwa ya mapato ilikuwa ikirudishwa kwa familia. Tatizo ni kwamba mwananchi aliiona bei kila alipojaza mafuta, ilhali fidia yake ilikuja kimya kimya.

Barani Afrika, Afrika Kusini ndiyo iliyotangulia. Kodi yake ilianza tarehe 1 Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani. Lakini msamaha wa kati ya asilimia 60 na 95 ulifanya kiasi halisi kinacholipwa kuwa kidogo mno. Hiyo ndiyo hali ya nchi inayotegemea makaa ya mawe kwa umeme wake, na yenye watu wengi wasio na ajira.

Kwa Kenya na Tanzania, mkazo umewekwa zaidi katika kuuza hewa ya ukaa iliyohifadhiwa na misitu na mikoko. Tanzania ilitunga kanuni za biashara hiyo mwaka 2022. Sheria ya Kenya ya mwaka 2023 inataka jamii zinazoishi kwenye miradi ya ardhi zipate angalau asilimia 40 ya mapato. Hata huko, swali ni lile lile: fedha zinamfikia nani?

Swali hilo sasa limevuka mipaka. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026, Umoja wa Ulaya umeanza kutoza gharama ya kaboni kwa bidhaa zinazoingia humo kama saruji, chuma, aluminiamu na mbolea. Iwapo nchi inayouza imekwisha kutoza bei yake, kiasi hicho hupunguzwa. Isipotoza, fedha hizo hubaki Ulaya.

Afrika, inayochangia chini ya asilimia nne ya hewa ya ukaa inayotokana na nishati na viwanda duniani, ina kila haki ya kulalamika. Lakini malalamiko hayajengi hazina. Serikali itakayochagua kupanga bei yake yenyewe haina budi kuanza kwa kumwonyesha mwananchi, kwa hesabu zilizo wazi, kile atakachorudishiwa: nauli nafuu, umeme wa uhakika, au kodi nyingine iliyopunguzwa. Kodi isiyojulikana inakwenda wapi haidumu.