Kupiga filamu ya wanafunzi nje: jua, maji na upepo

Mwanafunzi wa filamu kwa kawaida huazima kamera ya chuo kwa siku mbili au tatu tu. Akirudi na picha zilizoungua kwa jua au mazungumzo yasiyosikika, mara nyingi hapati nafasi ya pili: kamera imechukuliwa na kundi jingine, na waigizaji, ambao hawalipwi, wamerudi kazini kwao. Kwenye pwani ya Afrika Mashariki, kazi ya nje huanza na kalenda kabla ya kamera.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kati ya Oktoba na Machi, saa sita mchana jua huwa karibu utosini, na macho ya mwigizaji hupotea ndani ya kivuli cha paji la uso. Ukiongeza mwanga kwenye kamera ili uso uonekane, anga na mchanga hugeuka weupe mtupu. Afadhali kupiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mchana kuhamia chini ya mwembe. Karatasi nyeupe ya manila ikishikwa kando ya uso hurudisha mwanga wa kutosha. Ule mwanga wa dhahabu wa magharibi usiutegemee sana. Huku kwetu giza huingia ndani ya nusu saa hivi baada ya jua kuzama.

Anayepiga ufukweni Zanzibar ana saa nyingine ya kuitazama. Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufikia karibu mita 4, na pale Paje au Jambiani bahari hurudi nyuma mbali kabisa. Saa za maji husogea kwa takriban dakika 50 kila siku. Kwa hiyo mazungumzo yaliyoanza Jumamosi mbele ya mawimbi, yakiendelezwa Jumamosi inayofuata saa ileile, yatakuta maji yametoka.

Lakini kinachoharibu filamu nyingi zaidi ni sauti. Kusi, unaovuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, huunguruma ndani ya maikrofoni. Sponji peke yake haitoshi. Panahitajika kifuniko cha manyoya. Adhana ina saa zake, unaweza kuipangia. Kunguru hawana ratiba. Kila eneo rekodi nusu dakika bila mtu kusema neno: sauti hiyo ya mahali ndiyo itakayoziba mapengo wakati wa kuhariri.

Kuhusu vibali, Tanzania Bara hutolewa na Bodi ya Filamu. Hata hivyo, onaneni mapema na mwenyekiti wa mtaa, au sheha kwa Zanzibar, mkiwa na barua ya chuo. Siku ya kazi barua hiyo ashike mtu mmoja asiye na jukumu jingine, ili mlinzi akija kuuliza, mwongozaji asilazimike kuacha kamera.